Mechi Niliyoidai Msibani

Timu yetu ilipotangaza kwamba mechi ya mwisho ya msimu haitachezwa Morogoro, nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Niliisahau kalamu nyekundu juu ya daftari la mtoto wa watu mpaka ikaacha doa. Tangazo lilikuja kwenye kundi la simu la tawi letu la Mafiga, limeandikwa kwa ile lugha ya viongozi wa mpira: uongozi, baada ya kutafakari kwa kina na kwa maslahi mapana ya klabu, umeamua mchezo wa nyumbani dhidi ya wageni kutoka Dar es Salaam upigwe Dodoma. Nyumbani, Dodoma. Nililisoma kwa sauti, na mume wangu aliyekuwa anakunywa chai akacheka mpaka akapaliwa.

Mume wangu ni shabiki wa hao wageni. Simlaumu. Katika nchi hii karibu kila mtu anazaliwa ndani ya moja ya zile klabu mbili kubwa za Dar es Salaam, na timu ya mkoani kwake anaichukulia kama shemeji: anaisalimia, anaitakia heri, lakini haimuumizi kichwa. Mimi ndiye niliyepinda. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamishiwa hapa kabla sijazaliwa, na kwa kuwa hakuwa na ndugu mjini aliifanya timu ya Morogoro kuwa ndugu yake. Alinipeleka uwanjani nikiwa bado nabebwa. Kwa hiyo mimi, mwalimu mzima wa shule ya msingi, mama wa watoto wanaonizidi urefu, nikisema "timu yetu" nina maana ya ile inayofungwa.

Na msimu ule ilikuwa inafungwa kweli. Tulikuwa karibu na mkia wa ligi kuu, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa wanafunzi wangu: tukiwashinda wageni katika mechi ya mwisho tunabaki, tukitoka sare au tukifungwa tunashuka daraja. Mechi moja. Na hiyo moja, ambayo ratiba ilisema ni yetu, mwenyekiti wetu alikuwa ameichukua na kuipeleka kwa watu wengine.

Sikushangaa sana, nilikasirika tu. Uongozi ule ulikuwa umetuzoesha. Kocha aliyetupandisha daraja walimfukuza baada ya mechi tatu mbaya, kisha wakamleta mwingine ambaye hakukaa hata kufahamu majina ya wachezaji. Kipa wetu mzuri aliondoka akiwa anawaomba wambakishe. Basi la timu liliwahi kuharibika Mikese siku ya mechi, wachezaji wakakaa kando ya barabara kuu wakila mahindi ya kuchoma huku mwenyekiti akiwa ameshafika uwanjani na gari lake, anahojiwa na redio kuhusu maandalizi mazuri. Halafu kulikuwa na kile kikundi kinachoitwa kamati ya ufundi, ambacho kila mtu anajua hakihusiki na ufundi wa mpira hata kidogo. Mechi moja waliamua timu isipite getini, ipite kwenye upenyo wa ukuta nyuma ya vyoo, maana geti limefanyiwa mambo. Beki wetu wa kati alichana bukta kwenye nondo. Tukafungwa vilevile, tena na beki amevaa bukta ya kuazima isiyofanana na jezi.

Ukiuliza, jibu lilikuwa moja: mchakato unaendelea. Nilikuwa nikilisikia neno mchakato naumwa meno.

Baada ya tangazo lile tuliitisha kikao cha tawi pale Mafiga, kwenye ukumbi wa mama mmoja anayepika pilau za shughuli. Mwenyekiti wa klabu alikuja mwenyewe, jambo lililotupa moyo. Ni mtu wa makamo, Mluguru wa Kinole, aliyeanza kwa kuuza ndizi na sasa ana malori yake. Akaketi mbele na shati jeupe lililopigwa pasi, akatueleza kwamba uwanja wa Dodoma ni mkubwa, kwamba wageni wana mashabiki wengi kule, kwamba mapato yatasaidia klabu. Niliponyoosha mkono kuuliza kama mapato hayo yatatusaidia tukiwa daraja la chini, alisema swali zuri sana, mwalimu, tutalifanyia kazi. Nikauliza pia mkutano mkuu uko wapi, ule ambao katiba inataka ufanyike kila mwaka na sisi tumeusahau unafananaje. Hilo nalo lilikuwa swali zuri. Kikao kikafungwa kwa dua, na mimi nikarudi nyumbani nimefura kama andazi.

Mume wangu alinishauri niachane nayo. Alisema viongozi wa mpira huwezi kuwashinda kwenye kikao kwa sababu kikao ndicho kiwanja chao cha nyumbani. Alikuwa amesema jambo la maana bila kukusudia. Nilianza kufikiri ni wapi ambapo mtu kama yule hawezi kuniambia swali zuri.

Jibu lilikuja kwa njia ambayo nisingeiomba. Wiki iliyofuata mama mkubwa wake mwenyekiti alifariki.

Huyu mama nilimfahamu. Ndiye aliyemlea mwenyekiti baada ya mama yake mzazi kuondoka duniani mapema, na kwa miaka mingi alikuwa akishuka mjini kuuza mdalasini, pilipili manga na ndizi. Nimenunua kwake tangu nikiwa msichana. Alikuwa na ulimi mkali. Ukigusa ndizi mara mbili bila kununua alikuuliza kama umekuja sokoni au umekuja kuchumbia. Na kila aliponisikia naitwa Mnyamwezi alinidai nimbebee tenga lake mpaka juu mlimani, maana babu zangu walikuwa wapagazi. Mimi nilimjibu kwamba nisingebeba kitu kupeleka kwa watu wanaolala wameshika miti wasije wakaporomoka. Alicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kulisikia.

Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na utani huo hauishii sokoni. Penye msiba wa Mluguru, Mnyamwezi ana kazi yake. Anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, kuzuia jeneza lisitoke, kudai chochote anachodai, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wakikasirika, aibu ni yao. Kwa kawaida anapewa kitu kidogo, kuku au hela ya soda, watu wanacheka kidogo katikati ya kilio, na jeneza linatoka. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi. Baba aliifanya vizuri kuliko mimi.

Nilipanda pikipiki alfajiri kwenda Kinole, na njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Je, nina haki ya kupeleka habari za mpira mbele ya maiti? Nilipofika Mkuyuni nilikuwa nimeamua kwamba sina haki. Barabara ilipoanza kupanda, migomba ikiwa imetubana huku na huku na ukungu bado uko kwenye mabonde, nilikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akiuliza matokeo ya timu kila Jumatatu, na kumtukana mwanawe yule mwenye malori kwa kila mechi iliyopotea. Nikaamua ninayo haki, tena kubwa.

Msiba ulikuwa wa watu wengi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani na barazani. Nikasalimia, nikapiga magoti kwa mjomba wa ukoo, mzee mfupi mwenye kanzu na koti la mvua juu yake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mali, ndoa, misiba, vyote vinapita kwake, na hata mwenye malori anainama. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniuliza kama mtani nimekuja kulia au nimekuja kufanya fujo. Nikamwambia nimekuja kwa yote mawili.

Walipomaliza kumwosha na kumvisha sanda marehemu, na jeneza likiwa tayari kutolewa kwenda kusaliwa, niliingia ndani nikajitanda kanga yake moja, nikachukua na ile fimbo aliyotembelea siku za mwisho. Nikaketi kizingitini, miguu nimeinyoosha, mlango wote umejaa mimi. Wanawake walishaanza kucheka kwa machozi kabla sijafungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele wa wabebaji, macho mekundu, shati si jeupe tena.

Nikamnyooshea fimbo, nikatoa sauti ya marehemu, ile ya kukwaruza aliyoitumia kwa wasionunua.

"Wewe mwana, nimekulea kwa magimbi na ndizi za kuchoma. Leo nimekufa, naona mmenibeba. Sasa niambie kabla sijatoka. Mnanizika hapa nyumbani, au na mimi unanihamishia Dodoma?"

Kicheko kilichotoka barazani kilinishtua hata mimi. Kumbe habari ya mechi ilikuwa imepanda mlima kabla yangu. Kuna bibi aliyeketi chini kabisa akashika mbavu. Mwenyekiti naye akacheka, hakuweza kujizuia, halafu katikati ya kicheko uso ukamkunjika na akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu usiku. Mjomba wake akamshika bega. Nilitamani kuinuka na kumpisha. Sikuinuka, kwa sababu mtani akiinuka bure ametia najisi kazi yake.

Mjomba akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kuku wala soda, nataka mechi ya timu yetu irudi Morogoro. Akamgeukia mpwa wake, akaongea Kiluguru cha haraka ambacho nilikipata nusu nusu, kisha akakisema tena kwa Kiswahili ili watu wote wasikie.

"Hiyo mechi ni kitu gani? Ni yako? Kama ni yako mpe, tuzike. Mvua hiyo inakuja."

Mwenyekiti akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Nimekupa, mtani," akasema.

Nikainuka. Jeneza likapita, na mimi nikavua kanga ile nikaikunja na kuirudisha kitandani pa mwenyewe. Hapo ndipo nilipolia, maana chumba kilikuwa kinanuka mdalasini.

Njiani kurudi sikuwa na hakika kama nimepewa kitu au nimepewa maneno. Ahadi ya utani ni ahadi, lakini mtu mwenye barua ya bodi ya ligi mkononi anaweza kusema ule ulikuwa msiba na huu ni mpira. Siku chache baadaye mwenyekiti alinipigia. Alisema ameandika kuomba mechi irudi Morogoro na wamemkubalia. Nikamshukuru. Kisha, badala ya kukata simu, akaniambia jambo ambalo hakulisema kwenye kikao.

"Mwalimu, wewe unasema nyumbani. Nyumbani wapi? Uwanja mzima utavaa jezi za wageni. Vijana wangu wakitazama jukwaani wanawaona jirani zao, walimu wao, mama zao wadogo, wanawazomea. Kule Dodoma angalau wanaowazomea hawawajui."

Nilikuwa nimemchukulia kuwa mtu wa tamaa tu, na tamaa alikuwa nayo, sitaki kumpaka mafuta. Lakini hili la vijana lilikuwa kweli, na aliyekaa jukwaani akiwa amevaa jezi ya wageni msimu uliotangulia alikuwa mume wangu mwenyewe, kando yangu, na sandwichi nilizomtengenezea mimi.

Kwa hiyo nikaanza kazi. Sikumwomba mtu aache klabu yake. Ningekuwa nawaomba Wabongo waache kula wali. Niliwaomba dakika tisini tu, na jukwaa moja, lile linalotazama mlima. Nilikwenda nyumba kwa nyumba Mafiga baada ya kazi. Nilikwenda kwa walimu wenzangu, kwa wahadhiri wanaosali nasi, kwa vijana wa bodaboda wa pale njia panda, ambao waliniambia, "Mama, sisi tuko na hao wageni wa Dar, ila kwa heshima yako tutakaa kimya." Nikawaambia kimya nacho nakipokea. Wengine walinicheka usoni. Mzee mmoja niliyemfundishia wajukuu alisema haoni sababu ya kuisimamia timu ambayo viongozi wake wenyewe wameikimbia. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu. Hakuja, lakini alinipa mkono.

Mume wangu alikataa katakata. Alisema ndoa ina mipaka.

Siku ya mechi nilifika mapema nikakaa peke yangu kwenye zege la jukwaa letu, nikiangalia majukwaa mengine yakijaa jezi za wageni kama alivyosema mwenyekiti. Watu wangu wa Mafiga walikuja kidogo kidogo, wachache kuliko walioahidi. Walimu wanne. Bodaboda walikuja wengi na kweli walikaa kimya, wameweka jezi zao mifukoni. Nilikuwa nimeanza kukubali kwamba jukwaa litabaki na mapengo, ndipo nikaona lori la ndizi linasimama nje ya uzio, na watu wanashuka kwa kusaidiana.

Walikuwa watu wa Kinole. Mjomba mbele, na kanzu ileile, nyuma yake wanawake waliokuwa barazani siku ya msiba, vijana, hata yule bibi aliyeshika mbavu. Wengi hawajawahi kuingia uwanjani maishani mwao. Walikuja kwa sababu mechi ile ilitolewa mbele ya maiti wao, na kitu kilichotolewa namna hiyo ni lazima ukoo uone kimefika. Mjomba aliniuliza timu ya marehemu ni ipi. Nikamwonyesha. Wakakaa, wakajaza kila pengo, na wachezaji wetu walipotoka kupasha misuli niliona nahodha anamgusa mwenzake na kumwonyesha jukwaani kwa kidevu.

Sitasema mengi kuhusu mechi yenyewe. Tulifunga kwa kona kipindi cha kwanza, na wanawake wa Kinole walipiga vigelegele virefu ambavyo nadhani vilisikika Bigwa. Vijana walicheza mpira ambao sikuwahi kuwaona wakiucheza msimu mzima. Walikimbilia kila kitu. Mpaka karibu na mwisho tulikuwa ligi kuu. Kisha mpira mmoja ukarushwa kutoka pembeni, kipa wetu wa pili akatoka akarudi, na wageni wakasawazisha. Upande wa pili uwanja mzima ulisimama, na katikati ya jezi zile nilimwona mume wangu ameinua mikono, halafu akaishusha taratibu akatazama upande wangu.

Sare. Tukashuka daraja.

Wageni wakatoka wakiimba. Jukwaa letu halikutoka. Watu wa Kinole walikuwa wanasubiri kuambiwa kilichotokea, na sisi tuliokijua hatukuwa na nguvu ya kukisema. Nilikuwa nalia bila kujificha. Wachezaji walilala chini kwenye majani, kisha nahodha akawainua mmoja mmoja, wakaja mpaka chini ya jukwaa wakasimama wametutazama. Hakuna aliyezomea. Yule bibi akaanza kuwapigia makofi, makofi ya taratibu ya mtu mzee, na wengine wakafuata.

Mwenyekiti alipanda ngazi akaja mpaka tulipo. Alitusalimia wote, akampa mjomba shikamoo, akanigeukia. Alisema deni lake amelilipa. Nikakubali kwamba amelilipa. Alikuwa anangoja nimtukane, nina haki hiyo na watu wote walijua, na mdomoni nilikuwa na maneno ya msimu mzima. Lakini nilimwona amechoka kama mimi, na nikaona kwamba matusi yatampa nafasi ya kuondoka akiwa ameonewa.

Nikamuuliza mkutano mkuu ni lini. Akasema utatangazwa. Nikamwambia atangaze sasa, wanachama wako hapa na hawana haraka.

Alimtazama mjomba wake. Mjomba akatazama mvua mlimani. Basi akapanda juu ya ngazi ya zege, akasafisha koo, akataja siku. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya redio, kwamba yeye amefika mwisho wa uwezo wake. Kama kuna mtu anataka kuiongoza timu iliyoshuka, isiyo na kocha na ambayo nusu ya wachezaji wake wataondoka, aseme ili wamjue.

Nikasema ninagombea mimi, na timu ikiwa chini yangu haitacheza mechi ya nyumbani mahali ambapo bibi huyu hawezi kufika kwa lori la ndizi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza nitampata wapi kocha, swali la haki, na bodaboda mmoja akauliza habari za basi. Mume wangu alikuwa ameshafika chini ya ngazi na jezi yake ya wageni, ananionyesha wingu, anataka turudi nyumbani kabla hatujalowa. Nikamwashiria apande akae, kwa sababu mkutano ulikuwa umeanza.